Kuzunguka Mlima Kutafuta Pasiposikika Kitu

Mliponiuliza kwenye kundi letu safari ilikuwaje, nikajibu "poa tu", nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuandika neno la tatu. Sasa nimelala, nimeoga, nimekula chakula ambacho hakuna mtu aliyesimama nyuma yangu kuniongezea, na naweza kusimulia. Nitasimulia mara moja tu. Atakayeniuliza tena kama niliona ndovu nitamrudisha hapa.

Kwanza nieleze nilichokwenda kufanya, maana hata mama yangu huwaambia watu kwamba nasomea hali ya hewa. Kuna chembe zinaitwa nyutrino. Zinatoka mbali sana angani, kwenye nyota zinazolipuka na kwingine ambako bado hatukujui vizuri, na zinapita ndani ya kila kitu: ukuta, mlima, na wewe uliyekaa hapo ukisoma. Hazikugusi wala hazikupigi hodi. Ila mara moja moja sana, moja hugongana na jiwe ndani ya mlima, na kinachozaliwa hapo huchomoza upande wa pili na kupasuka hewani. Mpasuko huo hutoa wimbi fupi mno la redio. Ukiweka antena ikitazama mlima, na mahali hapo pakiwa hapana mawimbi mengine ya kuuficha, unaweza kuudaka. Mlima tunao. Mimi nilitumwa kutafuta mahali penye kimya.

Profesa wangu yuko ng'ambo na huniandikia barua za sentensi moja. Wenzake walikuwa na kikao Ijumaa cha kuchagua mlima mmoja kati ya milima ya nchi tatu. Aliandika: "Kendi, nipe saa sita mfululizo za kimya kabla ya Ijumaa saa kumi jioni ya kwenu." Nisipozipata, mlima wetu ungefutwa kwenye orodha, na kazi yangu ya miaka mitatu ingefutwa pamoja nao. Hiyo ndiyo hofu iliyokuwa mgongoni mwangu safari nzima, kila mtu alipokuwa akiniambia nipumzike kwanza ninywe chai.

Kwenye ramani nilikuwa nimeweka alama tatu: Kiirua, mgongo wa kilima nyuma ya Kinoru, na Kianjokoma. Nilikuwa na antena ya mabomba ya alumini yenye mikono minane, kompyuta, betri mbili, na dereva wa pikapu aitwaye Mutuma, mtu mzima wa Nkubu mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungwa.

Kiirua: ndovu hawasomi notisi

Tulifika Kiirua Jumatatu mchana tukakuta watu kama ishirini wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyotolewa nje, uani kwa Mama Mwenda, mkulima wa viazi aliyekubali nitumie shamba lake. Nikadhani kuna msiba. Kumbe Mutuma alikuwa amempigia Mama Mwenda simu njiani na kumwambia, "Tunakuja na antena." Habari ikatembea. Watu walikuwa wamekuja kupokea mnara wa simu.

Kulikuwa na mwenyekiti. Kulikuwa na maombi ya kufungua. Wanaume watatu walisimama mmoja baada ya mwingine kueleza kwa nini shamba lake ndilo linafaa zaidi mnara, na wa tatu akasema lake lina mawe tayari, kwa hiyo hata msingi umeshachimbwa nusu na Mungu. Nilipopewa nafasi nilieleza polepole kwamba sikuja na mtandao. Nikasema, tena kwa kujitapa kidogo, kwamba ninachotafuta hasa ni mahali ambapo hakuna mtandao kabisa.

Kisha mzee mmoja wa nyuma akasimama akajishikilia kwenye fimbo.

"Yaani Nairobi wametuma mtu kuja kuhakikisha hatuna netwaki?"

Baada ya hapo sikusikilizwa tena. Waliobaki walibaki kwa sababu Mutuma alikuwa akiniita "Dokta", na dokta ni dokta. Mama mmoja akanionyesha goti. Nikamwambia mimi si daktari wa watu, mimi ni wa fizikia, tena hata huo udaktari sijaumaliza. Akanitazama kwa huruma, akashusha sketi yake, akasema, "Sawa, lakini si unaweza kuliangalia tu?" Nikaliangalia.

Jumanne asubuhi nilisimamisha antena kwenye ncha ya shamba, ikitazama mlima. Hewa ilikuwa safi, mlima uko wazi hadi theluji. Nikawasha kompyuta. Tak. Baada ya sekunde moja, tak. Tena tak. Kila sekunde mstari mrefu kwenye kioo, mrefu kuliko kitu chochote ambacho nyutrino ingeweza kutoa. Niliangalia betri, nikaangalia nyaya, nikazima simu ya Mutuma kwa mkono wangu mwenyewe. Ndipo nikainua macho nikaona uzio wa stima uliotenga mashamba na msitu, waya sita zikipanda na kushuka vilima kadiri jicho linavyofika. Kila sekunde ule uzio hupiga stima ili ndovu wasivuke.

Nilimfuata mtu anayesimamia kibanda cha mashine ya uzio nikamwomba auzime saa sita tu. Nikasema naweza hata kuandika notisi.

"Madam," akasema, bila ubaya wowote, "ndovu hawasomi notisi. Mwaka juzi ilizima usiku moja tu, wakamaliza kabeji ya huyu, ya yule, na ya shule. Wewe kitu yako itakuja ama haitakuja, hujui. Ndovu sisi tunajua atakuja."

Hesabu yake ilikuwa bora kuliko yangu. Mama Mwenda alitupakilia gunia la viazi kwenye pikapu, juu ya vifaa vyangu, akisema kwamba angalau nisirudi mikono mitupu, na lile gunia tulizunguka nalo mlima mzima.

Kinoru: ukikipata kinapita

Usiku wa Jumanne nililala Kinoru kwa dada ya mama yangu, Sabera, ambaye sisi humwita Tata. Tata ana imani kwamba mtu anayesoma sana hali chakula. Nilipewa mukimo wa ndizi mbichi na mboga zilizopondwa, nikala, nikaongezewa, nikala, nikasema nimeshiba, akauliza kama Nairobi tunafundishwa kukataa chakula cha watu, nikala.

"Hebu nieleze vizuri," akasema. "Hicho kitu hakionekani?"

"Hakionekani, Tata."

"Hakishikiki?"

"Hakishikiki. Kinapita tu."

"Na ukikipata?"

"Kinakuwa kimeshapita."

Akatikisa kichwa polepole. "Kendi, na vile ulikuwa mtoto wa akili. Miaka tatu unafuata kitu cha kupita. Hata baba wa mtoto wangu Kinoti alikuwa hivyo hivyo na mimi nilimwacha."

Nilikuwa nimepanga kutoka saa kumi na mbili alfajiri ili nifike mgongo wa kilima mapema. Saa kumi na mbili nilifungua mlango nikawakuta akina mama watano wa kanisa wamekuja kuniombea kabla sijaondoka. Hukatai maombi. Waliomba kwa zamu, na kila mmoja aliyemaliza alimkumbusha mwenzake jambo alilosahau: barabara, breki, adui, mume mwema. Kisha ikaja chai, maana huwezi kuwaombesha watu na kuwaacha na njaa. Tulitoka saa tatu na nusu.

Na pale juu, baada ya kupanda na mabomba mgongoni, nikafunga antena, nikawasha, na kioo kikajaa kama ukuta uliopakwa rangi. Upande wa chini, karibu na uwanja, kulikuwa na mkutano wa injili wa wiki nzima: jenereta mbili, spika, maikrofoni zisizo na waya, na wahubiri wakipokezana. Mmoja wa wale akina mama walioniombea alikuwa huko huko anaimba. Nilimtambua kwa kitambaa.

Nilikaa juu ya jiwe nikacheka, kisha nikalia kidogo, mtanisamehe. Ilikuwa Jumatano saa sita mchana. Ilikuwa imebaki alama moja.

Njia ya Embu: bila malipo

Kutoka Meru kwenda Embu barabara inashuka mtoni, inapanda, inashuka mto mwingine, na Mutuma alikuwa na ndugu kwenye kila kilima. Sitawaeleza wote. Nitaeleza kona moja tu kabla ya Chuka, ambako lori la ndizi lilikuwa limekufa katikati ya barabara na matope pande zote mbili, na mvua inanyesha.

Tulikaa hapo saa nne. Kwa saa ya kwanza nilikaa mbele nikihesabu muda. Saa ya pili mama mmoja mfanyabiashara wa nduma alitugawia nduma zake na chai ya chupa, bila kutujua, akaninyamazisha kwa mkono nilipoanza kushukuru. Akataka kujua ninaenda wapi na haraka hivyo. Nikamweleza. Akafikiri akasema, "Basi wewe ni kama sisi wa soko. Unafika, unakuta siku imekwisha." Nilijisikia vizuri kidogo, nikasinzia.

Nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na makoti ya watu yalikuwa yameanikwa kwenye antena yangu. Mutuma alikuwa ameitoa kwenye turubai, akaisimamisha nyuma ya pikapu, akawakaribisha wote waliokwama. Makoti kumi na moja ya mvua, shuka, na mkungu mzima wa ndizi ambao mwenye lori alitupatia kwa wema wetu, umening'inia kwenye mkono mwembamba kuliko yote. Mkono ule ulikuwa umepinda kama mundu.

"Mutuma! Nini hii?"

"Dokta, si hata ilikuwa imekaa tu? Watu wamelowa."

Angalieni, hata kukasirika hakukuwezekana. Watu wote wale walikuwa wananishukuru. Mzee mmoja alisema hajawahi kuona kifaa cha serikali kikimsaidia mwananchi hivyo.

Alhamisi asubuhi tukapata fundi wa kuchomelea Chuka, mwanamume mtaratibu aliyeutazama ule mkono pande zote kabla ya kuugusa, na kwa kweli aliunyoosha vizuri sana, kwa nyundo ya mbao ili usiumie. Nikaenda kununua maji. Niliporudi antena ilikuwa ya kijani. Yote, mpaka kwenye viungo ambako chuma lazima kiguse chuma ndipo wimbi lipite.

"Hiyo rangi sikuwachaji," akaniambia kwa fahari. "Nimeona mnaenda Kianjokoma, kule kuna mvua. Ingeshika kutu."

Alumini haishiki kutu namna hiyo, na nilitaka kumwambia, lakini rangi ilikuwa safi na uso wake ulikuwa unangoja shukrani. Nikamshukuru. Kutoka Chuka hadi Kianjokoma nilikaa nikikwangua viungo kwa kisu cha kumenyea viazi, na Mutuma akiimba.

Kianjokoma: mti wa mpaka

Tulifika Kianjokoma Alhamisi alasiri. Hapo ni nchi ya majani chai, kijani hadi ukingo wa msitu, na juu yake mlima umejifunika. Mwenyeji wangu alikuwa Mzee Ireri, mwalimu mstaafu, nyumba yake iko bondeni, imezibwa na mgongo wa kilima nyuma na kutazamana na mlima mbele. Nilipoona lile bonde kwenye ramani miezi iliyopita nilikuwa nimeliwekea alama mbili. Nilishuka kwenye gari nikatazama simu yangu: hakuna hata kijiti kimoja. Nikawasha chombo changu na mstari ukalala kimya. Ningemkumbatia mzee wa watu.

Kisha, tak. Na tak. Na tak.

Huku nako kuna uzio wa ndovu. Nikaketi chini kwenye majani yaliyolowa. Mzee Ireri akaja akasimama karibu nami, akauliza ni nini. Nikamwambia basi, uzio huu, ni kama wa Kiirua, siwezi kuomba uzimwe, nimemaliza safari.

"Uzio haupigi kelele," akasema.

"Mzee, unapiga. Ona hapa."

"Mimi nilifundisha sayansi miaka thelathini, ingawa ya darasa la saba," akasema. "Uzio ukiwa mzima unanyamaza. Unalia pale unaguswa. Nyasi, tawi, kitu kama hiyo. Stima inaruka. Ngoja."

Akaingia ndani akatoka na redio ndogo ya betri, ya kusikilizia taarifa ya habari. Akaiweka mahali pasipo na stesheni, ikawa inavuma tu. Akatembea kando ya uzio ameinyoosha mbele, mimi nyuma yake. Kwa hatua mia hivi haikusema kitu. Kisha ikaanza kukwaruza kila sekunde, na kadiri tulivyosonga ikakwaruza zaidi, hadi tukasimama mbele ya mti mmoja ulioegemea, na tawi lake limelalia waya wa juu. Ukitazama vizuri ungeiona cheche, ndogo, ya buluu.

Hivyo ndivyo kila mtu anayekaa kando ya uzio hutafuta palipoharibika. Kiirua pia, bila shaka. Mimi na kompyuta yangu tulikuwa tumewaomba watu wafungulie ndovu mlango, na kumbe ningeomba panga na redio. Niliwaza Kiirua yote kwa dakika moja nikaona aibu hadi masikioni.

"Basi tukate hili tawi," nikasema, kwa furaha.

Mzee Ireri akarudi nyuma hatua moja. "Hiyo haikatwi."

Ulikuwa mti wa mpaka. Babu yake na babu wa jirani yake walikuwa wamegombea shamba hadi wakachoka, wakapanda mti ule wa mkungugu pamoja, mikono ya wote wawili kwenye mche mmoja, na wakaapa. Tangu hapo hakuna anayeugusa peke yake. Ukiukata peke yako umeiba shamba, na umetukana waliokufa. Wakigusa, waguse wote wawili, siku moja, wakionana. Uzio ulipojengwa ulipita pale mpaka huo unapokutana na msitu, mti ukakua, na kila mtu akajua kwamba pale uzio unavuja.

"Sawa, tumwite jirani."

"Njeru hawezi kuja."

"Yuko safari?"

"Yuko pale." Akanyoosha kidole juu ya mgongo wa kilima, kwenye paa jekundu lililoonekana wazi kutoka pale. "Miaka tisa hatuongei."

Kilima kwenda juu

Nilipanda kwa Mzee Njeru peke yangu, jua likielekea kuzama, nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekeze nani. Simu yangu ikaanza kuita nikiwa nusu njia. Jumbe za siku nzima ziliingia kwa mpigo, pamoja na ya Profesa: "Vipi?"

Mzee Njeru alikuwa mtu mfupi, mkavu, anapanga vikapu vya kuchumia majani chai. Alinikaribisha vizuri hadi nilipotaja mti.

"Yule hakuja kumzika mama yangu," akasema. "Mama yangu ndiye alimnyonyesha, wakati mama yake alikuwa hospitali. Nilimtumia mesiji. Ilienda. Hakuja. Siku tatu baadaye ananiletea sukari eti hakupata mesiji. Mesiji ya watu wa Mombasa ilifika. Yeye yuko hapo, naona moshi yake, eti haikufika."

"Simu zako hapa zinashika?"

"Zote."

"Mzee, umewahi kupiga simu ukiwa kwake?"

Akaniangalia. "Nilikuwa natafuta nini kwake na simu?"

Nilimwomba tu ashuke nami asubuhi akiwa na simu yake, kwa ajili ya kazi yangu, si kwa ajili ya Ireri. Alisema atafikiri. Nilishuka nikalala kwa Mzee Ireri, na mkewe, Mama Wawira, akanipa githeri ya mahindi na maharagwe ambayo kwa mara ya kwanza wiki ile sikuongezewa, kwa sababu aliona uso wangu.

Ijumaa saa moja na nusu asubuhi Mzee Njeru alisimama juu ya njia. Nilipanda kumfuata. Alishika simu mbele yake vile Ireri alivyoshika redio, akatazama vijiti. Vinne. Akashuka. Vitatu. Alipopita kona ya mwamba, kimoja. Alipofika kwenye majani chai ya mwenzake hakukuwa na kitu. Akarudi nyuma hatua tano, kimoja kikarudi. Akaenda mbele, kikaondoka. Alifanya hivyo mara tatu, mbele na nyuma, mtu mzima, kwenye umande. Nikamwonyesha na kioo changu: mstari umelala, na ile tak tak ya tawi peke yake.

"Kilima kinaziba," nikasema. "Hapa hakufiki kitu. Ndiyo maana nimepapenda."

Mzee Ireri alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, kofia mkononi. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mzee Njeru aliiweka simu mfukoni, akakohoa, akatazama mti.

"Lete kamba," akasema.

Hawakukata. Walishika kamba wote wawili, mkono juu ya mkono, wakaipitisha juu ya tawi, kila mmoja kwa upande wake, wakavuta hadi likainuka, wakafunga kwenye shina. Redio ndogo ikanyamaza. Nilitazama kioo. Mstari ulilala ukabaki umelala. Ilikuwa saa mbili na dakika hamsini.

Saa sita za hakuna kitu

Nilirekodi kuanzia saa tatu kamili. Nilimpeleka Mutuma na simu yake na gari lake Kianjokoma sokoni, nikamwapisha asirudi kabla ya saa tisa. Wazee wote wawili walikataa kuondoka. Walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja ncha yake, wakilinda kamba. Kwa saa nzima kila mmoja alitazama upande wake. Kisha nilisikia Mzee Ireri akiuliza kuhusu ng'ombe fulani, na Mzee Njeru akijibu kwamba alikufa zamani. Baadaye wakawa wanabishana kuhusu aliyewafundisha kuogelea.

Saa tisa nikazima.

"Umepata?" wakauliza pamoja.

"Nimepata!" Nikaruka juu. "Saa sita, hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa!"

Nyuso zao zikaanguka. Mzee Njeru akanishika bega. "Pole, mwanangu. Umetoka mbali."

"Tutaikaza kamba zaidi," akasema Mzee Ireri. "Kesho pengine itakuja."

Hapakuwa na muda wa kueleza. Data lazima itumwe kabla ya saa kumi, na mahali penye kimya kizuri kuliko pote ndipo pasipoweza kutuma chochote. Nilibeba kompyuta, Mzee Ireri akabeba betri, tukapanda kilima mbio mbio, Mzee Njeru mbele akifukuza mbuzi njiani. Saa tisa na dakika arobaini niliketi uani kwa Njeru nikitazama ule mstari wa kutuma ukisogea kwa uvivu. Mkewe alimletea Mzee Ireri kiti, kisha chai. Mzee alikishika kikombe kwa mikono miwili na hakukinywa kwa muda mrefu. Saa kumi kasoro dakika sita, ikaenda.

Jibu la Profesa lilikuja Jumamosi asubuhi, tukiwa tunapakia gari uani hapo hapo kwa Njeru, gunia la viazi likiwa sasa limeongezewa mkungu wa ndizi na kuku aliye hai. Sentensi moja, kama kawaida: "Kimya safi, tunakuja kwenu." Nilipiga kelele hadi kuku akapiga kelele. Nikawaeleza wazee, safari hii vizuri, kwamba hakuna kitu ndicho nilichotaka, na kwamba antena zitakuja kwenye lile bonde na zitakaa miaka mingi.

Walifurahi. Kisha Mzee Ireri akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeomba chumvi:

"Sasa, mwanangu, na vile utakuwa unajulikana huko juu, utatusaidia kuomba mnara? Ndio na mimi huku chini nipate netwaki?"

Nilikuwa nimesubiri wiki nzima niseme sentensi ambayo mtu ataielewa, na ile niliyopaswa kusema sasa ilikuwa rahisi kuliko zote. Nilitamani kuisema kesho, kwa barua. Lakini nilikuwa nimekula githeri yake.

"Mzee, kazi yangu inataka pabaki hivi. Mnara ukija, antena zinaondoka. Siwezi kukusaidia kuuomba. Ukweli ni kwamba nitaomba usije."

Nilimwona akiyahesabu yale maneno mpaka akafika kule nilikojua atafika, kwenye kaburi la mama aliyemnyonyesha. Mutuma, kwa mara ya kwanza tangu Nairobi, hakusema kitu.

"Kwa hivyo kukiwa na msiba tena," akasema Mzee Ireri, "sitajua."

Mzee Njeru alikuwa akifunga miguu ya kuku. Hakugeuka.

"Utajua," akasema. "Nitashuka."